Mlinzi wa Nyumba ya Sanaa

Mzazi mmoja wa upande wa Kilosa alitujia hivi karibuni na lalamiko. Mwanawe amemaliza shule, na badala ya kutafuta kazi ya maana, kama asemavyo mzazi huyo, amekwenda zake Mikumi, akaketi kando ya barabara kuu iendayo Iringa pamoja na vijana wenzake, na kutwa nzima yuko na tezo mkononi, akichonga vinyago vya kuwauzia watalii waendao kutazama wanyama katika hifadhi. Mzazi ana huzuni mbili. Ya kwanza, kazi hiyo haioni kuwa ni kazi. Ya pili yamuuma zaidi: baadhi ya vinyago hivyo vina sura za mashetani, naye ni mtu wa kanisa, wala hajui kama yampasa kuviruhusu vipite mlangoni mwake.

Tulimsikiliza, na hatukuwa na jibu la haraka. Lakini katika kuiwaza habari yake likatujia jina la mtu mmoja aliyefariki dunia mwaka 2005, naye ni George Lilanga. Wako wasomaji wetu wanaolijua jina hilo, na wako wengi zaidi ambao hawajapata kulisikia, ingawa huko Ulaya na Marekani wapenda sanaa hulitaja kama sisi tunavyowataja wachezaji wa mpira. Basi twaona yafaa kuyasimulia maisha yake kwa urefu kidogo, maana mambo yote mawili yaliyomtia huzuni mzazi wa Kilosa, yaani kazi ya mikono na hao mashetani, yamo ndani yake.

Na tuanze na mti wenyewe, maana watu wa Kilosa na Mikumi wana haki ya kuusema. Katika misitu ya miombo iliyo chini ya milima ya Usagara, na kandokando ya bonde la Mkata, mpingo humea polepole mno. Mti mmoja hutaka miaka sabini, hata mia, kabla haujafaa kukatwa kwa kazi. Kwa kuutazama hauna uzuri wo wote: ni mfupi, umepindapinda, una miiba, na gome lake ni la kijivu kama majivu ya jikoni. Lakini ukiupasua, chini ya ganda jembamba lenye weupe wa manjano utakuta moyo mweusi, mzito, ambao ukiutupa mtoni huzama kama jiwe. Watu wa Ulaya huununua kwa kuchongea zumari zao ziitwazo klarineti na oboe, na hakuna mti mwingine unaowaridhisha hivyo. Wamakonde nao waliujua zamani, kabla ya hao wote.

Wakazi wa Kilosa hawana haja ya kuelezwa Wamakonde ni watu gani. Zamani za mkonge, mashamba ya Kimamba na Rudewa yalivuta vibarua kutoka kila upande wa nchi, na miongoni mwao walikuwamo watu waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, wakizikimbia kazi za kulazimishwa za serikali ya Wareno. Watu wa pwani waliwaita Wamawia. Walikuwa na chale usoni, na wanawake wao walivaa ndonya katika mdomo wa juu, na wenyeji wengi waliwaogopa bure. Mchana walikata mkonge kama wengine. Jioni, wengine wakipumzika, Mmakonde alitoa tezo lake, akaketi juu ya gogo, akachonga.

Huko kwao uchongaji haukuwa biashara. Walichonga vinyago vya kuvaa kichwani, viitwavyo mapiko, kwa ngoma za jando, na sanamu za mwanamke, mama wa ukoo, kwa kuwa Wamakonde huhesabu nasaba kwa upande wa mama. Biashara ilikuja walipokutana na wageni wenye fedha. Katika miaka ya 1950 alikuwako Dar es Salaam mfanyabiashara wa Kihindi, Mohamed Peera, ambaye alinunua kazi za wachongaji hao na kuwahimiza wafuate mawazo yao wenyewe, wasichonge tu vichwa vya wazee na wanawake wabebao maji kama wageni walivyopenda. Husimuliwa kwamba mchongaji aitwaye Samaki Likankoa ndiye wa kwanza kuleta sanamu ya shetani, karibu na mwaka 1959. Mwingine, Roberto Yakobo Sangwani, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ile minara ya watu waliobebana juu kwa juu, ambayo baadaye ilipewa jina la ujamaa. Twawataja hawa ili msomaji asidhani kwamba Lilanga aliota peke yake kama uyoga. Alizaliwa ndani ya ukoo wa watu wa patasi.

Alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, wilaya ya Masasi, kusini mwa nchi, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza. Wazazi wake walikuwa Wamakonde. Alisoma shule kwa miaka michache, kama watoto wengi wa wakati ule, kisha akarudi nyumbani. Shule ya uchongaji hakuiona, wala haikuwako. Aliwatazama wakubwa zake, akaiga, akakosea, akaanza tena.

Na hapa pana jambo ambalo tunapenda akina mama walisome kwa makini. Kitu cha kwanza alichokichonga Lilanga hakikuwa mti. Kilikuwa muhogo. Mzizi wa muhogo ni laini, kisu cha jikoni chatosha, na ukiharibika hasara yake ni ndogo. Hata hivyo twadhani ziko siku ambazo mtu aliyekuwa na haja ya kuupika hakufurahi. Baada ya muhogo akaenda kwenye miti milaini, na baada ya hiyo kwenye migumu, mpaka mkono wake ulipokuwa na nguvu na jicho lake lina uhakika, ndipo akaufikia mpingo. Mpingo hausamehe. Mchongaji wa udongo akikosea huongeza udongo. Mchongaji wa mpingo akikosea, kile alichokitoa hakirudi. Ndiyo sababu wachongaji huugeuza gogo mara nyingi kabla ya kulipiga tezo la kwanza, wakitafuta umbo lililomo ndani yake, penye fundo pawe goti, penye tundu pawe kinywa.

Miaka mingi ikapita hivyo. Hatuna makuu ya kusimulia juu yake, na labda hilo lenyewe ni la kusimuliwa: kwamba mtu huyu alifika umri wa miaka thelathini na tano na zaidi akiwa mchongaji wa kijijini tu, asiyejulikana nje ya wilaya yake. Siku hizi vijana hukata tamaa wakiwa na miaka ishirini na miwili.

Kilichomfungulia njia ni msiba wa watu wengine. Mwaka 1964 vita vya kuikomboa Msumbiji vilianza, na maelfu ya watu wakavuka Ruvuma kuja kwetu, wakiwa wamebeba watoto na sufuria. Kambi za wakimbizi zikafunguliwa mikoa ya kusini, na pamoja na wakimbizi wakaja Wazungu wa kuwahudumia. Baadhi yao waliziona kazi za Lilanga karibu na mwaka 1970, wakazipenda, wakazinunua. Sifa zao zikamtia moyo. Akafikiri kwamba, ikiwa wageni wachache waliopita kambini wananunua, mjini watanunua zaidi. Akafunga safari ya Dar es Salaam.

Twamwona katika fikira zetu akishuka mjini. Si kijana, amekaribia miaka arobaini. Hana cheti cha kazi yo yote. Ana mikono tu. Mjini alikuwako ndugu yake wa ukoo, Augustino Malaba, mchongaji naye, na huyo ndiye aliyempeleka mahali ambapo jina lake litatajwa napo daima, yaani Nyumba ya Sanaa.

Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 1972 na mtawa wa Kikatoliki kutoka Marekani, Sista Jean Pruitt wa Shirika la Maryknoll. Hatulitaji jambo hili kwa kujisifu, bali kwa kuwa bila yeye habari hii ingekwenda njia nyingine. Sista huyu aliona katika mji vijana wasio na kazi ambao walikuwa na kipaji cha kuchora na kuchonga, akawakusanya, akawatafutia mahali, vifaa na wanunuzi. Walichora kwa wino, walitia nta na rangi kwenye vitambaa vya batiki, walichora juu ya ngozi za mbuzi, walichonga, walifinyanga, walifua vyuma. Hakuwafundisha waige picha za Ulaya. Kila mmoja alikuja na ya kwao, akaachwa nayo. Katika miaka ya 1980 nyumba yao ilipata jengo kubwa Upanga, na wageni wengi wa taifa hili walipitishwa pale. Jengo hilo nalo halipo tena kama lilivyokuwa. Huyu huyu Sista ndiye aliyekuja kuanzisha Kituo cha Dogodogo kwa ajili ya watoto wa mitaani, katika mwaka 1992. Alikuwa na tabia, kama ionekanavyo, ya kuokota vile ambavyo wapita njia walivivuka.

George Lilanga aliingia Nyumba ya Sanaa kwa mlango mdogo. Aliajiriwa kuwa mlinzi wa usiku. Wasanii wakienda kulala, yeye alibaki akizilinda kazi zao. Wapo watakaoona kwamba ni fedheha kwa fundi mwenye umri wake kupewa rungu badala ya patasi. Yeye aliishika kazi hiyo, maana kula ni lazima, na hakuiacha sanaa yake. Haikuchukua muda mrefu wenye nyumba wakatambua kwamba mlinzi wao ana uwezo kuwapita wengi wa wale aliokuwa akiwalinda, wakamwita ndani mchana. Mwaka 1974 kazi zake zilikwisha kuonyeshwa mbele ya watu Dar es Salaam.

Humo ndani mambo mapya yakaanza. Mpaka hapo alikuwa mtu wa tezo na patasi. Sasa akaona wenzake wakichora kwa wino, naye akachora. Akaona batiki, akajaribu batiki. Akapewa ngozi ya mbuzi, akaijaza viumbe vyake kutoka ukingo hata ukingo. Akapewa bati na vyuma, akakata sura zile zile kwa ajili ya malango na vizuizi, hata mtu akaingia nyumbani akipita kati ya mashetani wa chuma. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba mtu aliyekwisha kupita ujana wake aliweza kujifunza vitu vingi hivyo kwa muda mfupi. Lakini ukitazama vizuri utaona kwamba jambo lilikuwa moja tu. Umbo alilozoea kulitafuta ndani ya gogo alilitafuta sasa ndani ya kila kitu alichopewa.

Hapana budi tuseme neno juu ya maisha ya wasanii wa mji katika miaka hiyo, maana wako wazazi wanaoyaogopa zaidi ya hao mashetani. Ni kweli kwamba palipo na wasanii wengi pana usiku mrefu, fedha zijazo leo na kuisha kesho, na watu wasiojulikana wanaishi kwa nini. Dar es Salaam ilikuwa na mahali kama hapo, na si pamoja. Huko Oysterbay, nje ya duka la Morogoro Stores, alikuwa akiuza picha zake Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyezaliwa mwaka 1932, ambaye naye hakufundishwa na mtu. Alianza kuchora mwaka 1968, juu ya mbao nyembamba za dari, kwa rangi za kupakia baiskeli. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafa baada ya kuchora kwa miaka minne tu, na jina lake limebaki kuwa jina la picha zote za namna ile. Lilanga na Tingatinga walikuwa wa rika moja na wa kusini mmoja. Baadaye Lilanga naye alizichukua rangi zile zing'aazo akapakia mbao na turubai, na hapo ndipo mashetani wake, waliokuwa weusi wa mpingo, walipovaa nyekundu, manjano na buluu.

Sasa na tuje kwenye mashetani wenyewe, maana hatuwezi kulikwepa jambo hili katika ukurasa kama huu.

Asiyewaona atadhani ni vitu vya kutisha. Wana masikio makubwa kama majani ya mgomba, vinywa vipana, matumbo yaliyojitokeza, na vidole vichache visivyotimia hesabu. Lakini tazama wafanyalo. Wanabeba maji. Wanacheza ngoma. Wanagombana juu ya chakula, wanamchukua mgonjwa hospitali, wanakunywa pombe na kuanguka, wanamsengenya jirani, wanambembeleza mtoto. Majina aliyozipa kazi zake aliyaandika kwa Kiswahili, na mengi yake ni marefu kama maneno ya watu wazungumzao barazani: mambo ya mke na mume, ya deni, ya mgeni asiyeondoka. Kwa neno moja, hao mashetani ni sisi. Aliyekwisha kuona harusi ya mtaani kwetu saa nane za usiku hana haja ya kuuliza amewatoa wapi.

Tena, neno lenyewe lina maana zaidi ya moja. Tunapolitamka shetani kanisani, twamaanisha adui wa roho zetu. Lakini katika mazungumzo ya pwani na ya kusini neno hilo hutumika pia kwa majini na mizimwi, viumbe vya porini vyenye hila na mzaha, ambavyo mabibi waliwasimulia wajukuu wao ili walale mapema. Wachongaji wa Kimakonde walichukua viumbe hivyo vya hadithi wakavipa mwili wa mti. Hatusemi kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyevitumia vibaya. Twasema kwamba kuchonga kitu si kukiabudu, na kwamba Wakristo wa Ulaya walifanya hayo hayo zamani. Mtu atazame makanisa makuu ya mawe yaliyojengwa huko karne za kati: kwenye pembe za paa, mahali pa kumwagia maji ya mvua, waashi walichonga majoka na vinyama vyenye ndimi nje. Mchoraji Hieronymus Bosch, aliyekufa mwaka 1516, alijaza picha za dini mashetani wenye midomo ya ndege na miguu ya mitungi, na picha zake zilinunuliwa na wafalme Wakatoliki. Na hawa wachongaji wetu wa mpingo, wengi wao mkono uleule uliochonga shetani ulichonga pia msalaba na Bikira Maria vilivyomo katika makanisa yetu. Sista wa Maryknoll alilielewa jambo hili kabla yetu. Mashetani wa Lilanga walipobisha hodi, hakuwafungia mlango.

Walakini hatutaki kumlaumu mzazi wa Kilosa. Kuogopa kwake kwatoka katika kuipenda nyumba yake.

Mwaka 1978 kazi za Lilanga zilivuka bahari, zikaonyeshwa mjini Washington pamoja na za wasanii wengine wa Afrika. Yaandikwa kwamba katika kazi 280 zilizowekwa ukutani na juu ya meza, mia moja zilikuwa zake yeye. Miaka michache tu kabla ya hapo alikuwa akizunguka jengo usiku.

Marekani ya wakati ule, hasa New York, ilikuwa na wasanii vijana waliokaa katika maghala makuukuu na vyumba visivyo na moto wakati wa baridi, wakichora popote walipopata nafasi. Mmoja wao, Keith Haring, alifika New York mwaka huo huo wa 1978 akiwa na umri wa miaka ishirini. Baada ya muda mfupi alianza kuchora kwa chaki katika vituo vya reli ya chini ya ardhi vijitu vyenye mistari minene, vikicheza na kurukaruka, vikijaza karatasi nzima bila nafasi tupu. Wajuzi kadhaa wameandika kwamba Haring aliziona kazi za Mmakonde wetu na kwamba alichukua kitu kutoka kwake. Sisi hatutaki kulikuza jambo hili kupita kiasi, maana ni tabia yetu kutomwamini mtu wa kwetu mpaka Mzungu amwige. Sanamu za Lilanga zilikuwa nzuri hata kama Haring asingezaliwa. Itoshe kusema kwamba ukiweka picha za hao wawili pamoja, mtoto mdogo atakuuliza kama ni ndugu.

Tangu hapo jina lake likawa la dunia. Kazi zake zilionyeshwa katika nchi nyingi za Ulaya, na hata Japani. Tajiri Jean Pigozzi, ambaye tangu mwaka 1989 amekusanya sanaa ya Afrika ya siku hizi na kuiweka Geneva, alizinunua kwa wingi. Lilanga mwenyewe alibaki Dar es Salaam. Aliendelea kuishi kati ya ndugu na jamaa, akizungukwa na watoto na wajukuu, na kila aliyetoka kusini akiwa na patasi alijua pa kufikia.

Kisha ugonjwa ukaja. Kisukari kilimshika, na karibu na mwaka 2000 hali yake ilizidi kuwa mbaya, hata ikalazimu akatwe mguu. Mchongaji wa mpingo hufanya kazi kwa mwili mzima. Hukaa chini, hulibana gogo kwa miguu, hulipiga kwa nguvu za mgongo. Mtu aliyekatwa mguu hawezi tena kupigana na mti ule. Lilanga hakunyamaza. Aliugeukia mti mwepesi, mlaini, usiohitaji nguvu nyingi, akaufunika rangi zake zing'aazo. Hivyo mwisho wa maisha yake ulifanana kidogo na mwanzo wake, maana alirudi kwenye vitu vilaini kama alivyoanza na muhogo. Sanamu hizo za mwisho, zenye madoadoa na mistari ya kila rangi, ndizo wengine wanazozipenda kuliko zote. Sisi, tukiulizwa, twachagua zile nyeusi za zamani, ambamo uzito wa mti unaonekana. Lakini hilo ni jambo la macho ya mtu.

Katika miaka hiyo aliwaweka vijana karibu naye wamsaidie. Yeye alichora umbo, wao wakajaza rangi. Yeye alisema sanamu ikaeje, wao wakachonga. Mjukuu wake Hendrick alikuwa mmojawapo, naye sasa ni msanii kwa jina lake mwenyewe. Kwa ajili hiyo wanunuzi wengine wameanza kunung'unika, wakiuliza ni mkono gani hasa uliopaka rangi hii au ile, na ni dhahiri kwamba palipo na jina lenye thamani waigaji hawakosekani. Wadanganyifu na waulizwe. Lakini kuhusu wale vijana wa nyumbani mwake hatuoni aibu yo yote. Mchoraji mkuu Rubens wa Antwerpen alikuwa na karakana iliyojaa wanafunzi waliochora mawingu na farasi katika picha zake, na hakuna aliyemvua heshima. Na hapa kwetu fundi aliye mgonjwa, akizungukwa na watoto wa ukoo wake wanaojifunza kwa kutazama, ndiyo shule ile ile aliyosoma yeye mwenyewe Masasi.

Kati ya mwaka 2004 na 2005 maonyesho makubwa ya wasanii wa Afrika, yaliyoitwa Africa Remix, yalizunguka Ulaya: Düsseldorf kwanza, kisha London, kisha Paris. Kazi zake zilikuwamo. Zilikuwa bado zimesimama katika ukumbi wa Centre Pompidou, mjini Paris, watu wakipita mbele yake kila siku, yeye alipofariki dunia Dar es Salaam tarehe 27 Juni 2005, akiwa na miaka sabini na kitu.

Kwetu sisi yabaki maswali ambayo gazeti hili haliwezi kuyamaliza katika ukurasa mmoja. Mtu akitaka leo kuona kazi nyingi za Lilanga mahali pamoja, ni heri aende Geneva kuliko Dar es Salaam. Mtoto wa Kilosa anayepita kila siku chini ya mpingo hana mahali karibu pa kuona mti ule uliweza kuwa nini mikononi mwa mtu wa kwao. Na mpingo wenyewe unapungua: hukatwa kwa mbao na kwa zumari, na pori lisipolindwa moto hupita juu ya miche, na mche ulioungua leo ni gogo litakalokosekana kwa wajukuu wa wajukuu wetu. Kusini, katika wilaya ya Kilwa, viko vijiji vilivyokabidhiwa misitu yao na kuuza mpingo kwa utaratibu, fedha zikabaki kijijini. Wazee wa vijiji vya Kilosa vinavyopakana na miombo wangefanya vyema kutuma watu wakatazame.

Tulimsomea mzazi yule sehemu za habari hii kabla ya kuipeleka kupigwa chapa. Alisikiliza kimya mpaka mwisho. Juu ya mashetani hakusema neno, na hatukumlazimisha. Aliuliza kitu kimoja tu, kama ni kweli kwamba mtu huyo alianza na muhogo. Tukamjibu kwamba ni kweli. Akasema kwamba mwanawe naye, alipokuwa mdogo, alikuwa akiiharibu mihogo ya mama yake kwa kisu, na kwamba alimpiga kwa ajili hiyo. Kisha akaaga, maana basi la Mikumi lilikuwa karibu kuondoka.